Nopoko Alivyoliteka Banda la Wazee

Kwetu Tangzugu mwanamke hasifiwi kwa sura. Anasifiwa kwa mlenda. Ukipika mlenda ukavutika vizuri kutoka kwenye bakuli hadi kinywani, jina lako hufika soko la mji wa Yako kabla yako mwenyewe. Na kwa miaka mingi, jina lililotangulia kufika lilikuwa la Bibi Tempoko.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Sibdu. Nauza kalgo, yale mabonge meusi ya mbegu zilizovundikwa ambayo tunatia kwenye mchuzi. Watu hukunja pua nikipita, kisha wananunua. Ukuta wangu umegusana na ukuta wa kaya ya Bibi Tempoko, na masikio yangu ni mazima. Haya ninayoyasema sikusimuliwa na mtu.

Siri ya Bibi Tempoko ilikuwa mwamba. Nyuma ya kaya yao kuna mwamba mweusi, mpana, hauna mti hata mmoja. Jua likiupiga huwezi kuukanyaga bila viatu. Kila masika, majani ya mbuyu yakiwa teketeke, Bibi aliyachuma na wake wa wanawe, akayaanika juu ya mwamba ule. Yalikauka siku hiyohiyo. Aliyachukua kiganjani, akayafikicha, na yalipogeuka vumbi alicheka kwa raha. Kisha aliyatwanga, akauweka unga kwenye chungu kipana karibu na mlango. Chungu hakikuwa na kifuniko. Unga wenyewe ulikuwa na rangi ya majivu, na watu waliusifu kwa rangi hiyo. Walisema unga wa Tempoko hauna unyevu hata chembe, na walisema kweli.

Katika kaya ile alikuwepo Nopoko, mke wa mwanawe mdogo. Mumewe yuko Kodivaa kwenye mashamba ya kakao. Nopoko alikuwa mtu wa kimya. Desturi yetu, mke wa mwana akimpelekea mama mkwe maji hupiga magoti, na akiambiwa neno hujibu ndiyo. Nopoko alikuwa amejibu ndiyo tangu siku aliyoolewa. Mimi nilidhani hajui neno jingine.

Ana binti mmoja, Timbila. Wakati huo Timbila alikuwa na miaka saba. Mtoto mchangamfu, mdomo hauishi maneno.

Kiangazi kilipofika mwisho, mashamba yakawa makavu. Hapakuwa na mboga mbichi, hapakuwa na tunda. Kila siku ni ugali wa uwele na mlenda wa unga ule wa chungu. Mafuta ya shea yalikuwepo, lakini yote yalikwenda sokoni. Mayai yalikuwepo pia, ila kwetu mtoto hapewi yai. Wanasema akilizoea atakuwa mwizi. Basi wezi wakubwa ninaowajua mimi hawakuonja yai utotoni, lakini nani atanisikiliza?

Ndipo Timbila akaanza kujikwaa. Mchana alikuwa mzima, anaruka kamba na wenzake. Jua likizama tu, anakaa chini. Akitumwa kibuyu, anapapasa ukuta. Watoto wa kaya wakagundua mchezo. Kila jioni wakimwona ameketi, wanamwimbia kwamba kuku ameingia bandani. Kuku naye haoni giza likiingia, ndiyo maana. Bibi Tempoko akasema mtoto ni mvivu, anakwepa kazi za jioni.

Jioni moja alitumwa chumvi. Alitembea moja kwa moja, akakanyaga makaa.

Nilisikia kilio kutoka kwangu. Nilipofika, Nopoko alikuwa amempakata, mguu umo kwenye maji, na watu wamesimama. Mkubwa wa kaya ni Yamba, mtoto wa kwanza wa Bibi Tempoko. Alisema mtoto amekanyaga mahali pa mababu bila heshima. Akataka kuku. Kuku akachinjwa, wazee wakamla na pombe ya mtama, wakajilamba vidole. Jioni iliyofuata Timbila alikuwa haoni vilevile.

Kulipokucha, Nopoko alimfunga binti yake mgongoni, mtoto mkubwa vile, akatoka. Hakuomba ruhusa. Hakupiga magoti. Mimi nilichukua kikapu changu cha kalgo nikamfuata, maana zahanati iko njia ya sokoni, na pia, niseme ukweli, nilitaka kuona.

Muuguzi wa zahanati ni mama mmoja anaitwa Zerbo. Yeye ni Msamo, na Wasamo na sisi Wamosi ni watani tangu enzi za mababu. Msamo anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, na ukikasirika aibu ni yako. Alipotuona mlangoni, alisema watumwa wake wamechelewa kumletea mjukuu wake. Nopoko, machozi yakiwa bado yanatiririka, akamjibu kwamba mla mbwa, ndivyo tunavyowatania Wasamo, atoe dawa kwanza, maneno baadaye.

Zerbo akacheka. Lakini mikono yake haikucheka. Aliosha mguu wa Timbila, akaufunga. Kisha akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama macho muda mrefu. Akamuuliza kama anaona mchana. Anaona. Na jioni? Timbila akamtazama mama yake.

"Sema, mwanangu," Nopoko akamwambia. "Hakuna anayekuchapa hapa."

"Jioni wote mnaondoka," Timbila akasema. "Nawasikia tu."

Nimezaa watoto sita. Neno lile lilinichoma.

Zerbo akamkalisha Nopoko. Akamwambia mtoto hajarogwa, wala si mvivu. "Macho haya yana njaa," alisema. "Yamekosa chakula chao. Kwanza yanashindwa kuona jioni. Yakiachwa, yanakauka. Yakikauka yanapata vidonda, na kidonda kikila jicho, hakuna wa kulirudisha. Umemleta wakati bado kuna njia."

Alichukua kidonge laini chekundu, akakata ncha, akamkamulia Timbila mdomoni mafuta yaliyomo. Akaeleza kwamba hayo ni vitamini A, na kwamba ni dawa ya kupewa na mhudumu, si ya kununua kiholela na kujinywesha, maana ikizidi ni sumu. Kesho angempa tena, na tena baada ya wiki mbili. Kisha akauliza mtoto anakula nini.

Nopoko akasema anakula majani ya mbuyu kila siku ya Mungu.

Zerbo akakunja uso. Majani hayo ni chakula kizuri cha macho, alisema, iweje mtoto anayeyala kila siku awe haoni? Akasema kesho ataleta dawa mwenyewe, na atataka kukiona hicho chungu.

*

Kesho yake alikuja kweli, na pikipiki yake inayokohoa. Alimpa Timbila dawa. Kisha akamwomba Bibi Tempoko amwonyeshe unga wake maarufu.

Bibi alifurahi. Alisogeza chungu mwenyewe, akachota kiganja kizima. Zerbo akautazama, akaunusa, akaurudisha chunguni.

"Mtumwa wangu," alisema, "nani alikufundisha kuyaua majani mara mbili? Mara ya kwanza ulipoyachuma, mara ya pili ulipoyachoma."

Bibi Tempoko alimwambia kwamba mtu aliyelelewa kwa supu ya mbwa hana la kumfundisha kuhusu mlenda. Hapo bado ulikuwa utani. Lakini Zerbo akanyoosha mkono, akamvua Bibi kilemba kichwani. Mwingine yeyote angepigwa. Bibi akabaki na mvi zake nje, mdomo wazi.

Zerbo akafungua fundo la kilemba. Nje kilikuwa kimefifia, kama maji ya kuoshea vyombo. Ndani ya fundo kilikuwa bado cha buluu iliyokoza.

"Ulipokinunua kilikuwa rangi gani?"

"Buluu. Huoni?"

"Nani amekula buluu yake huku nje?"

Timbila ndiye aliyejibu. "Jua."

"Basi jua hilohilo limekula majani ya bibi yako," Zerbo akasema.

Akamrudishia Bibi kilemba, akamfunga vizuri kwa heshima. Halafu akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaeleza, na sote tukasikiliza, hata Yamba aliyejifanya anachonga mpini.

Alisema ndani ya jani bichi mna rangi ya njano. Hatuioni kwa sababu kijani kimeifunika. Ni jamaa wa ile rangi ya njano iliyo kwenye embe bivu, na kwenye papai. Hata ule unga wa manjano ulio ndani ya ganda la mti wangu wa kalgo unayo. Tukila, mwili unaichukua na kuigeuza vitamini A. Jicho linaitumia kuona mwanga ukipungua. Inalifanya jicho lisikauke, na inamsaidia mtoto kupambana na surua na kuhara. Lakini rangi hiyo haipendi jua kali. Ukianika majani kwenye mwamba wa moto, sehemu kubwa inakufa. Ukiweka unga wazi mlangoni, kilichosalia kinaendelea kufa mwezi hata mwezi.

"Unga wa Bibi si takataka," alisema. "Bado una vitu vya kujenga mifupa na nyama. Ila chakula cha macho kimebaki kidogo sana. Na hicho kidogo nacho hamkipi njia. Hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Mlenda bila tone la mafuta, kinapita tumboni na kutoka. Mafuta yenu yako wapi?"

Nopoko akasema yako sokoni.

"Basi macho ya mtoto nayo mmeyapeleka sokoni."

Akatuambia la kufanya. Majani yaoshwe, yakatwekatwe, yaanikwe kivulini penye upepo, yatandazwe kwa tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara. Unga uwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko, mahali pa giza. Wakati wa kupika, utiwe mwishoni, na kijiko cha mafuta ya shea kiingie kwenye bakuli. Embe zikija, mtoto ale. Mayai apewe, na Zerbo mwenyewe atakuja kumkamata akiwa mwizi.

Yamba akauliza kama sasa zahanati imekuwa mti, watu watibiwe kwa majani. Zerbo akamkatiza. Majani si mganga wa kila kitu, alisema. Mtoto akianza kujikwaa jioni, mahali pake ni zahanati, siku hiyohiyo. Jani ni la kumlinda asifike huko tena.

Alipoondoka, Bibi Tempoko alimgeukia Nopoko. Utani ulikuwa umekwisha.

"Majani yakianikwa kivulini yanaota ukungu. Nimeyaanika kabla mama yako hajazaliwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nopoko alikuwa ameinama. Nilingoja ile ndiyo yake.

"Guu limeshaungua, Mama," alisema. "Na lilikuwa la mtoto aliyesikia."

Nilirudi kwangu nikakaa peke yangu nikacheka hadi nikashika mbavu.

*

Dawa ilifanya kazi. Siku chache tu, Timbila alikuwa anakimbia jioni na wenzake, na wimbo wa kuku ukaisha. Embe zikaja kutoka kusini, Nopoko akanunua kila alipoweza. Kisha mvua ikanyesha, mibuyu ikavaa majani mapya, na kila mtu akasahau. Kila mtu isipokuwa Nopoko. Yeye alijua kiangazi kingerudi, na chungu cha mlangoni kingekuwa kilekile. Zerbo alikuwa amemwambia macho ya namna ile hayafi yote mara moja. Msimu huu mtoto anajikwaa. Msimu ujao anaweza kupofuka kabisa.

Siku ya kuchuma, wanawake wote walipeleka majani kwenye mwamba. Nopoko alichukua fungu lake, akaliosha, akalikata, akalitandaza ndani ya nyumba yake.

Nyumba ya udongo, mlango mmoja, dirisha hamna. Na ni masika. Majani yakalala pale kama mgonjwa. Siku ya nne yakaota ukungu, harufu ikafika kwangu mimi mwenye kalgo, sasa fikiria. Ikabidi ayatupe yote. Bibi Tempoko alisimama mlangoni kwake akatazama kila kapu likipita kwenda jalalani. Alivuta ugoro tu, polepole, kwa raha zake.

Kibaya zaidi, maneno yakaanza. Mtu akasema kisimani kwamba majani ya kula huanikwa mbele za watu, na mwanamke anayekausha vitu gizani ana kingine anachokificha. Mwingine akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu maneno kama hayo si mchezo. Wapo wanawake waliofukuzwa vijijini kwao kwa maneno mepesi kuliko hayo, wakaishia kuzeekea kwa wageni. Nilimwendea Nopoko nikamshauri anyamaze mwaka huu. Aanike mwambani kama wenzake, mambo yapoe.

Alikuwa anamchana Timbila nywele. Hakunitazama.

"Dada Sibdu, wewe uliwahi kumsikia mtoto wako akisema jioni wote mnaondoka?"

Nikamuuliza basi ataanika wapi.

Akainua kidevu kuelekea mbele ya kaya. Nikatazama alikotazama.

Kuna banda la wazee pale. Nguzo, paa la nyasi, kuta hakuna. Upepo unapita pande zote. Magogo yamepangwa ya kukalia, yamekuwa laini kwa makalio ya vizazi. Hapo Yamba na wenzake hukaa tangu asubuhi, wanaamua mambo ya dunia na kusubiri pombe. Mwanamke hupita pembeni, hupiga magoti akileta maji, huondoka. Sijawahi kumwona mwanamke amekaa kwenye gogo lile.

Nikamwambia hathubutu. Akasema nimsaidie kubeba mikeka.

Nilibeba. Waliotaka kunisema walishanisema.

Wazee walikuwa wamekwenda matangani kijiji cha pili. Tulichuma majani upya, tukaosha kwa maji safi, tukakata. Tukalaza fito juu ya magogo, tukatandaza mikeka juu ya fito, tukamwaga majani kwa tabaka jembamba. Upande wa jua la jioni Nopoko akaning'iniza magunia. Banda zima likawa la kijani. Hapakubaki hata pa kuweka fimbo.

Jioni wazee wakarudi. Yamba akiwa mbele.

Alisimama. Wenzake wakasimama nyuma yake. Aliuliza nani ameweka majani mahali pao pa kukaa. Nopoko alitoka ndani na ufagio mkononi, akaja hadi kwenye nguzo ya kwanza. Hakupiga magoti.

"Mimi, Baba."

"Yaondoe."

"Siyaondoi."

Sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa na mke katika kaya ile. Yamba naye hakuwahi, maana alimgeukia mwenzake kama kuuliza kama amesikia vizuri. Kisha akainua fimbo. Hakumwinulia mtu, aliuinulia mkeka wa kwanza.

Nopoko akasimama kati ya fimbo na mkeka.

"Watu wamesema naficha uchawi ndani," alisema, na sauti yake ilifika njiani. "Nimeutoa. Uko hapa, mbele ya njia, kila anayepita aushike na kuunusa. Ni majani. Ukiyamwaga leo, kesho nitachuma mengine. Ukiyamwaga kesho, nitachuma tena. Mibuyu iko mingi, Baba, na mikono yangu haijachoka. Nyinyi mna mahali pengine pa kukaa. Timbila hana macho mengine."

Watu walikuwa wamejaa.

Aliyejitokeza ni Bibi Tempoko. Alikuja akijikokota, akatazama majani, akachukua moja akalinusa. Akamwambia mwanawe ashushe fimbo.

"Mwache," alisema. "Acha yaoze. Kiangazi kitaamua nani anajua majani na nani anajua kelele."

"Na kiamue," Nopoko akasema.

Yamba akashusha fimbo. Siku tatu wazee wa Tangzugu walikaa chini ya ukuta wa ghala, wakihama na kivuli chake, na mchana kivuli kikiisha wanajifunika kofia. Zerbo akapita na pikipiki, akaona, akazima injini makusudi. Akasema amesikia Wamosi ni watu wa vita, kumbe wanafukuzwa na mlenda. Wazee wakamtukana wakachoka. Yamba mwenyewe akaishia kucheka, maana angefanyaje?

Nopoko aliyageuza majani asubuhi, adhuhuri na jioni. Upepo ukafanya kazi yake. Siku ya tatu yalikuwa yanavunjika kwa sauti ukiyashika, na bado ni ya kijani. Hapakuwa na ukungu hata doa. Akayatwanga, akatia unga kwenye mtungi, akaufunika, akausukuma kwenye kona ya giza. Na wachuuzi wa mafuta ya shea walipokuja, aliwauzia yote isipokuwa bonge moja. Walimwongezea bei. Akawaambia hilo lina mwenyewe.

*

Kiangazi kikaja kama kinavyokuja. Vumbi, midomo kupasuka, mashamba kimya. Katika kaya ile palikuwa na mioto miwili na mlenda wa aina mbili. Wa Bibi ulikuwa wa kijivu, wa Nopoko wa kijani, na kijiko cha mafuta kikielea juu ya bakuli la Timbila. Siku kuku wakitaga, Nopoko alimpa yai pia, mchana kweupe, mbele ya watu. Bibi Tempoko aliona yote. Hakuuliza wala hakuonja.

Ukafika ule mwezi ambao Timbila alikanyaga makaa. Nilikuwa namwangalia mtoto yule kila jioni kuliko nilivyowaangalia wangu. Nopoko naye, mkono ukikoroga chungu, macho yalikuwa kwa mtoto.

Jioni moja kuku walikuwa wanaingizwa bandani. Bibi Tempoko aliwahesabu, akakosa mmoja. Alikuwa tetea wake mweusi, kipenzi chake. Giza lilikuwa limeshaingia kiasi kwamba sura za watu hazikutambulika. Bibi akaita, akamwaga mtama, akapiga kibuyu. Yamba akazunguka ghala, akajigonga kwenye kinu akalaani. Watoto wakatawanyika, wakarudi mikono mitupu. Bibi akasema basi, kicheche ameshamla.

Timbila alikuwa amesimama katikati ya ua.

"Si yule pale, Bibi," alisema. "Juu ya banda la wazee."

Sote tukatazama. Mimi niliona paa, na weusi juu ya weusi. Nikadhani mtoto anabahatisha. Lakini alishakimbia, mguu wenye kovu mbele, akaruka kinu alichojigonga Yamba, akakwea nguzo. Tulisikia nyasi zikichakacha. Akashuka na tetea mweusi kwapani. Ndege mwenyewe alikuwa ametulia tuli.

Akaja kumkabidhi bibi yake.

"Hakukimbia," Timbila akasema. "Jioni kuku ndiye haoni. Mimi naona."

Nopoko alikaa chini palepale jikoni, akafunika uso kwa nguo, mabega yakitikisika. Nikamwendea nikamshika. Bibi Tempoko alibaki na kuku wake mikononi, akimtazama mtoto, kisha akaingia ndani. Jioni ile mlenda wake ulipoa chunguni hakuna aliyeugusa.

Sasa msijidanganye kwamba alikuja kuomba radhi. Hamumjui Tempoko. Hadi leo hajatamka kwamba alikosea, na nikisema mbele yake atanirushia kinu. Lakini masika yalipofika, siku ya kuchuma, wanawake walibeba makapu wakaelekea mwambani kama kawaida, wakafika wakakuta Bibi hayupo. Nilimwona mimi, nikichungulia juu ya ukuta wangu. Alikuwa kwenye banda la wazee, peke yake, amekwisha kusafisha magogo, anatandaza mikeka juu ya fito. Alikuwa anayatandaza majani kwa tabaka jembamba, akiyageuza kwa ncha za vidole, kama vile alizaliwa akifanya hivyo.

Yamba akatoka na kigoda chake. Akasimama. Safari hii hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Haya ni ya nani tena?"

Bibi Tempoko hakuinua kichwa.

"Yangu," alisema. "Nayo siyaondoi."

Nopoko alikuwa nyuma yake na kapu jingine. Wakatazamana kidogo, yeye na mama mkwe wake, kisha Bibi akasogeza mkeka ampe nafasi. Yamba akabeba kigoda chake, akaenda zake kukaa ukutani kwa ghala.